Mwana wa Dadangu na Uzani wa Nzi

Gego langu la kwanza liling'olewa na kinyozi wa Mwembe Tayari. Zamani vinyozi ndio waliokuwa madaktari wetu wa meno, na huyu wangu alikuwa na koleo moja aliyoichemsha ndani ya birika lile lile la chai yake. Naapa niliona kwa macho yangu. Baba alinikamata mabega, kinyozi akanipanua mdomo kwa kidole kinachonuka mafuta ya nazi, akaniambia, "Mwanangu, usinitazame mimi. Tazama ile picha ukutani."

Nikaitazama. Ilikuwa imekatwa kwenye gazeti na kubandikwa kwa uji wa ngano. Wanaume wawili vifua wazi, mmoja amemtia mwenziwe konde la uso, na uso wa yule mwenzake umekuwa kama unga wa mahamri kabla haujasukumwa. Mimi nikawa nashangaa vipi pua ya mtu yaweza kuhama ikaenda karibu na sikio. Nilipofika hapo kwenye kushangaa, ndipo aliponing'oa. Nililia mpaka wasafiri wa mabasi ya bara wakateremsha mizigo kunitazama. Baba akanipoza kwa kaimati za pakiti ya gazeti. Nikazibeba njia nzima hadi nyumbani Kibokoni bila kuonja hata moja, maana mdomo ulikuwa si wangu. Dadangu, aliyekuwa mdogo wangu kwa miaka mitatu, alikaa kwenye ngazi ya mlango akazila zote moja moja huku ananitazama shavu.

Nimemtaja dadangu kwa sababu yeye ndiye mamake msichana ninayetaka kumweleza. Na nimemtaja kinyozi kwa sababu nilirudi kwake. Sikurudi kwa nywele, nilirudi kwa ile picha. Siku zikapita, kinyozi akachoka kuniona nimesimama ukutani kama mjusi, akanipeleka kwa watu aliowajua wanaopigana ngumi. Basi shule yangu ikaishia hapo. Nilikuwa na madarasa mawili na juzuu chache, zikanitosha.

Sikuwa bondia mkubwa. Afadhali niseme mwenyewe kuliko mtu anisemee. Nilikuwa na miguu mizuri na moyo mdogo, na ukinipiga tumboni nilikuwa nakumbuka nyumbani. Lakini nilijua kuangalia. Mtu akipigana mbele yangu naona anachotaka kufanya kabla yeye mwenyewe hajajua. Kwa hiyo nilipoacha kupigana nikawa mwalimu, na mchana nikawa mtu wa mizani kwenye godauni moja Mbaraki, napima magunia ya kahawa kabla hayajateremshwa gatini. Ubavuni mwa godauni kulikuwa na banda lililohamwa. Tajiri akaturuhusu. Tukafunga kamba kuukuu za meli kwenye nguzo nne, tukatandika magunia tuliyojaza makumbi, tukatundika kipande cha reli cha kugonga kila raundi inapoanza na kuisha. Huo ndio ulikuwa ulingo wetu.

Miaka hiyo ya tisini dadangu alikuwa mjane na ana mtoto mmoja tu, wa kike, amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani anamsaidia mamake kupika. Adhuhuri alikuwa akiniletea chakula pale godauni. Anaweka sahani, anakunja buibui lake, anakaa juu ya gunia kungoja vyombo. Na akingoja anaangalia vijana wakipiga mfuko wa mchanga.

Siku moja akaniambia, "Mjomba, huyu wako yuainua kisigino kabla hajapiga. Hata mimi ningemuona."

Aliyemsema alikuwa kijana wangu bora, mtoto wa watu wa Kilifi, kuli wa gatini, mwenye kilo hamsini na moja kavu. Uzani huo ndio flai, na sisi wenyewe tukiuita uzani wa nzi. Kijana akasikia.

"Dada, wewe wakaanga viazi, niachie ngumi."

"Nakaanga viazi," akasema, "na viazi haviinui kisigino."

Vijana wakacheka hadi wakashika kamba. Mmoja akamtupia glavu kwa mzaha. Mimi ningemkataza, nilikuwa na haki na nilikuwa na sauti. Sikumkataza. Nilitaka kuona. Akavua buibui, ndani alikuwa na suruali ya michezo ya shule na kanzu fupi, akajifunga leso kichwani, akaingia.

Hapa lazima niseme jambo la nyumbani kwetu. Msichana huyu alizaliwa wa kushoto. Mamake, kama mama yeyote wa Kibokoni, hakutaka mtoto anayekula kwa mkono wa kushoto mbele za watu, basi alipokuwa mdogo akimfunga mkono ule kwa kitambaa wakati wa kula, na mwalimu wa chuo cha Kurani akimfunga wakati wa kuandika. Akakua anakula kwa kulia na anaandika kwa kulia, mkono umenyooka kabisa. Lakini mkono uliofungwa haukufa, ulikuwa unangoja tu. Alipoingia ulingoni, mguu wa kulia ukaenda mbele wenyewe, na mkono wa kushoto ukabaki nyuma umejikunja. Na kwa kuwa wa kulia nao ulikuwa umefundishwa kwa lazima, alikuwa na mikono miwili kamili. Mimi maisha yangu yote sijapata kumfundisha mtu mwenye miwili.

Kijana wa Kilifi alitoka damu puani raundi ya kwanza. Akaketi juu ya ndoo, akajifuta, akasema, "Mwalimu, huyu si nzi. Huyu ni nyigu."

Kuanzia hapo akawa anakuja kila siku. Mamake akijua yuaniletea chakula na kungoja vyombo. Vyombo vikawa vinangojwa saa mbili nzima.

Sasa, alikuwa ameposwa. Mchumba alikuwa mtoto wa seremala wa milango, watu wazuri, nyumba ya tatu kutoka msikitini kwetu. Nikaha ilikuwa iwe mwezi wa mfungo tatu. Mimi ndiye niliyeitikia posa, maana babake hayupo na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli.

Ndipo akaja bwana mmoja wa bara. Alikuwa akizunguka nchi kuokota mabondia wa kwenda kwenye michezo mikubwa ya mataifa, ile watu wanakokimbia, wanaogelea, wanarusha mikuki, na ngumi nayo imo. Alikuja kwa ajili ya kijana wa Kilifi. Akamkuta ulingoni na mwana wa dadangu. Alisimama muda mrefu mikono mifukoni.

"Huyu msichana ni wa nani?"

"Ni wangu. Mwana wa dada."

"Mzee, mara hii wataweka wanawake. Kwa mara ya kwanza. Na flai nitahitaji mmoja."

Sikuwa mzee wakati ule, nilikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini nililipokea lile neno kama taji. Nikamwalika nyumbani. Mke wangu akapika biriani ya mbuzi, tukaizunguka sinia moja, mimi, yeye na kijana. Alikula vizuri. Alikula kwa mkono, hakuitisha kijiko. Akafuta vidole akasema, "Msichana atakwenda. Kijana atakwenda. Na wewe, mzee, utakaa kwenye kona yao. Nimekuahidi."

Alipoondoka mke wangu akauliza, "Umeona karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Yoyote. Barua. Kitu chenye muhuri."

"Mtu amekula hapa," nikamwambia. "Amekula sinia moja nami."

"Hata paka wa jirani hula hapa," mke wangu akasema, akaenda kuosha sinia.

Lakini kwangu mimi ilikuwa imekwisha. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Mtu mzima akitia mkono wake kwenye sinia yako, neno alilosema juu yake ni neno. Hakuna aliyenifundisha kwamba kuna watu wanaokula tu kwa sababu wana njaa.

Watu wa seremala wakasikia safari. Wakatuma mjumbe: mfungo tatu hauahirishwi, na mke wa mtoto wao hapigani mbele za watu. Mwana wa dadangu akaja Mbaraki asubuhi, bila chakula, akakaa juu ya mizani. Mshale ukasimama hamsini na mbili.

"Mjomba, mimi yule mtu simchukii. Nilikuwa tayari. Niambie kweli. Nikiirudisha hii posa, naenda?"

"Waenda."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema.

Siwezi kuliondoa neno hilo. Nimelitafutia mahali pa kuliweka, sijapata.

Kurudisha posa kwetu ni kazi ya wazee wawili. Nilipata mmoja, mwingine alisema anaumwa na goti. Tukabeba doti mbili za leso, kitambaa cha buibui, chupa ya marashi na kikasha cha udi, vyote kama vilivyokuja. Seremala alikuwa barazani na wenzake.

"Mwanangu ana kasoro gani?" akauliza.

"Hana kasoro."

"Basi?"

"Msichana ana safari."

"Ya hija?"

"La. Ya michezo."

"Michezo gani, bwana?"

"Ngumi."

 Kisha seremala akainua mikono juu. "Alhamdulillahi! Tumeokoka! Mwanangu angeomba chai, angepewa nini?" Wakacheka wote, mzee mmoja akapaliwa na kahawa. Na mimi nikacheka nao. Nilisimama pale na vitu vya mtoto wa dadangu mikononi, nikacheka, ili lipite.

Dadangu hakusema nami tena. Akawa akiniletea salamu kupitia kwa mke wangu kama vile mimi niko Uarabuni.

Tukafanya kazi miezi minne. Msichana alishuka kilo moja na nusu, kila Jumamosi nikimpima kwenye mizani ya kahawa kabla ya magunia kuanza. Alikata wali, akakata kaimati, akawa mashavu yamemwingia na macho yamekuwa makubwa. Alipiga picha za pasipoti. Wanawake wa mtaani wakampa jina, sitaliandika. Akipita wakimuuliza, "Shoga, leo umemwangusha nani?" naye akijibu, "Leo bado, lakini wewe umesimama karibu." Alikuwa na ulimi huyo. Lakini nikimfunga bendeji nikawa naona mikono inatetemeka kidogo, na nilijua si woga wa ngumi.

Yule bwana wa bara alikuja mara tatu. Kila mara akitoa amri ile ile: "Msichana apigane na kijana kila siku. Atangulize kulia, amalizie kushoto. Amzunguke hivi." Akaonyesha kwa vidole. Nikaona ajabu kwamba anampangia yeye apigane vipi lakini hamuulizi pumzi yake ikoje, wala hampimi. Kijana ndiye aliyepimwa naye. Kijana ndiye aliyetazamwa mpaka ulimi. Mimi, mtu niliyesema najua kuangalia, niliona hilo na sikulisoma.

Kijana akapata ujuzi wa ajabu. Kisigino kikatulia. Mwanzoni ule mkono wa kushoto ulikuwa ukimkuta kila mara, kisha mara moja kwa raundi, kisha akawa anaukwepa na kujibu. Msichana akimwambia, "Haya, umeujua. Sasa nitauficha," anauficha, na kijana anautafuta tena mpaka anaupata. Pasipoti ya kijana ikafika. Yangu ikafika. Yake bado.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, yule bwana alinikuta langoni mwa godauni, lori linateremsha.

"Mzee, wanawake hawamo."

"Wameondolewa?"

"Hawajapata kuwamo. Si mara hii. Pengine siku nyingine, sijui."

"Ulijua lini?"

Akatazama magunia. "Kwenye uzani wa kijana wako kuna mtu wa kushoto. Wa hatari. Nimezunguka nchi nzima, wa kushoto mwepesi kama huyu binti sikumpata. Ningekwambia apigane bure, ungemruhusu?"

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa na beleshi la kahawa karibu, lile la kuzolea iliyomwagika. Yeye akasema kwa upole, "Usimwambie kwanza. Kijana anahitaji wiki hizi mbili. Na jina lako limo, mzee. Kesho fundi atakupima koti la timu."

Na mimi nikapimwa koti.

Nataka nilieleze hili taratibu, kwa sababu watu wakisimulia uovu wao huutafutia sababu kubwa. Sababu yangu ilikuwa koti. Lilikuwa la bluu, na nembo kifuani. Fundi alinizungusha utepe begani akasema, "Mzee una kifua cha bondia bado." Maisha yangu yote nimepima mizigo ya watu wengine inayokwenda ng'ambo, na mimi sijapata kuvuka hata maji ya Likoni isipokuwa kwa mazishi. Nilitaka kwenda. Nikajiambia nitamwambia kesho. Nikajiambia pengine wataweka wanawake dakika ya mwisho. Kwa wiki mbili nilimfunga bendeji kila siku, nikagonga reli, nikamwambia, "Ongeza kasi, mwanangu," naye akaongeza.

Kijana alishinda lile pambano lake la kwanza huko. Nilisikia kwenye redio, nikiwa nimekaa sebuleni kwangu. Mtangazaji alisema amempiga mtu wa kushoto kana kwamba anamjua tangu utotoni. La pili akapigwa. Simlaumu. Alikuwa kuli aliyeletewa bahati.

Siku ya mwisho ya mazoezi, kabla kijana hajasafiri, ilikuwa Ijumaa, tumetoka kuswali. Msichana alikuja na mkoba. Ndani alitia nguo mbili, msahafu mdogo na pakiti ya ukwaju wa kufyonza, maana aliambiwa ndege hutia kichefuchefu. Alikuwa anajua pasipoti bado, lakini aliniuliza asubuhi, nikamwambia wataileta pamoja na majina. Nilimwambia hivyo kwa mdomo huu.

Nilishamfunga bendeji mikono yote miwili, kwa raundi tatu za mwisho, yule bwana wa bara alipotuma karatasi kwa mkono wa dereva. Dereva akanipa mimi. Ilikuwa kwa Kiingereza. Vijana wakasema, "Mwalimu, tusomee," kisha wakakumbuka, wakampa yeye. Ndiye aliyekuwa na elimu kuliko sote mle bandani.

Akasoma kwa sauti, ameishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya bendeji. Uzani kwa uzani. Alipofika flai akasoma jina la kijana, vijana wakapiga makofi. Akaendelea hadi wazito. Kisha wasaidizi wa kona, akasoma jina langu. Hakuna aliyepiga makofi. Akaigeuza.

"Upande wa pili hakuna kitu, mjomba."

Nikajifanya naitazama reli.

"Labda kuna karatasi nyingine?"

Dereva akasema, "Ni hiyo tu, dada."

Kijana wa Kilifi alikuwa ameketi kwenye ndoo. Akainuka. "Wallahi mimi sikujua," akasema, na alikuwa anasema kweli, uso ulimwiva. "Dada, mimi nilidhani twaenda sote."

Yeye hakumtazama kijana. Alinitazama mimi. Mchana ule jua lilikuwa linaingia kwenye mabati yaliyotoboka, likamwangukia usoni madoa madoa, na nikaona jinsi alivyokonda. Mimi ndiye niliyemkondesha.

"Mjomba, ulijua?"

Ningesema la. Angeamini. Alikuwa ameniamini kwa makubwa zaidi.

"Wiki mbili," nikasema.

Alitikisa kichwa kama mtu anayehesabu moyoni na hesabu inamjia sawa. Nilingoja anitukane. Nilingoja alie, kwani kulia ningejua la kufanya nako. Akaikunja ile karatasi vizuri, mara nne, akampa kijana. Akamwambia, "Usiushushe mkono wa kulia mtu akikusogelea kwa ndani. Bado unautupa." Kisha akaja mpaka niliposimama mimi, karibu na kipande cha reli, akanyoosha mikono yake miwili iliyofungwa.

Bandani mwetu bendeji aliyekufunga ndiye hukufungua. Fundo huwa kwenye mkono, ndani, na mtu mwenyewe halifikii kwa meno.

"Nifungue," akasema. "Nende nyumbani."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeomba sahani zake. Vijana wote wananitazama. Mikono ile ilikuwa mbele ya kifua changu, nyeupe, imetulia, haitetemeki hata kidogo. Nikaliona fundo nililolifunga mimi nusu saa nyuma huku nikijua kila kitu. Nikainua vidole vyangu. Vikakataa kulishika.

Nikaiweka chini bolti niliyokuwa nikigongea reli. Nikampita ubavuni. Nikatoka mlangoni, nikapita kwenye mizani yangu na magunia yaliyokuwa yakingoja kupimwa, mtu akaniita jina nisigeuke, nikashika barabara ya Mbaraki kwa viatu vya mazoezi. Koti sikwenda kulichukua kwa fundi. Banda lile sijalikanyaga tena.